Shemeji ameniahidi marejesho ya dola 12,000, lakini hesabu yake hainiingii

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Voi. Naishi Lowell, Massachusetts, mwaka wa kumi na sita huu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, shifti ya usiku. Mume wangu anaendesha basi la shule. Mwaka 2019 tulijikusuru tukanunua nyumba ya mbao ya milango miwili, kongwe, nafikiri ilijengwa kabla babu yangu hajazaliwa. Sisi tunakaa juu. Chini tulimkuta bibi mmoja Mkambodia na mjukuu wake, tukawarithi pamoja na nyumba. Kodi yake iko chini ya bei ya mtaa na tumeipandisha mara moja tu, maana nikirudi kazini asubuhi huwa yeye ndiye ameshawafikisha wanangu kituo cha basi. Hatuelewani lugha sana. Yeye hunipa supu, mimi humpa mahamri.

Shida yetu ni joto. Chini kabisa ya nyumba kuna boila mbili, moja ya kila ghorofa, na tangi moja la mafuta. Kwa kuwa tangi ni moja, mafuta nalipa mimi, na joto la bibi limo ndani ya kodi. Msimu uliopita tulichoma karibu galoni 900, na mara ya mwisho nililipa dola 3.60 kwa galoni. Nikisikia lori la mafuta linarudi nyuma uani, tumbo hunikata.

Sasa mume wangu ana mdogo wake. Huyu ndiye aliyetutangulia Marekani, na tulipofika tulilala sebuleni kwake miezi saba, mimi nina mimba ya huyu wa pili. Hakutuomba hata senti. Amefanya kazi miaka sita kwenye kampuni ya kufunga mitambo ya joto na viyoyozi, mwaka jana akaacha akafungua yake. Mwezi uliopita akaja chai, akaangalia boila, akasema, "Shemeji, pesa zinagawiwa bure na wewe umekaa unachoma mafuta?"

Anataka kutufungia pampu za joto, zile mashine za umeme za kupasha na kupoza nyumba, ghorofa ya juu, tani tatu (ndivyo wanavyopima nguvu ya mtambo), kwa dola 21,000. Anasema Mass Save, ule mpango wa jimbo wa kupunguza matumizi ya nishati majumbani, watarudisha 10,000, na kwenye kodi ya serikali kuu tutapata 2,000 nyingine, kwa hiyo mfukoni tunatoa 9,000 tu. Anataka dola 7,000 za kuanzia kabla Februari haijaisha, eti baada ya hapo pesa za marejesho zitakwisha. Ameandika karatasi ya ukurasa mmoja, na humo kuna mstari unaosema hundi ya marejesho itaandikwa kwa jina la kampuni yake.

Mama, mimi nilishawaita watu wa Mass Save Oktoba. Mkaguzi alikuja bure, akapanda darini, akashuka na vumbi kichwani akasema kuna waya za umeme za kizamani, zile zinazopita juu ya vigango vya kauri, na kwamba hawawezi kujaza nyenzo za kuzuia baridi darini na ukutani mpaka fundi umeme aliyesajiliwa aziondoe. Sikufuatilia, shifti zilinizidi. Nilipomweleza shemeji alisema hizo ni hadithi za kutupotezea muda, pampu itafanya kazi hivyo hivyo. Nikamuuliza kama kampuni yake iko kwenye orodha ya mafundi wao. Akacheka. "Nimefunga mashine hizi miaka sita, sasa karatasi ndiyo itanifundisha?"

Nikamwambia mume wangu nataka tupate bei ya fundi mwingine. Hapo ndipo moto ulipowaka. Aliniambia, "Ukimkataa ndugu yangu kwa ajili ya orodha ya kwenye kompyuta, mimi nitamtazama vipi?" Siku mbili baadaye mavyaa akapiga simu kutoka nyumbani: "Mwanangu, nasikia mnamnyima ndugu yenu riziki." Sikulala. Nisije nikaambiwa fadhila zangu ni za punda.

Na kuna la pili ambalo linanichoma zaidi. Shemeji anasema ghorofa ya chini tutaifunga baadaye, pampu tuiunganishe kwenye mita ya bibi. "Umeme ni wake, joto atajilipia mwenyewe, wewe mafuta umeaga." Mume wangu alicheka kwa furaha. Mimi nilimtazama bibi kesho yake anafagia theluji mlangoni kwangu, nikaona aibu na sijafanya kitu bado.

Pesa nilizonazo ni dola 11,000 za chama, zamu yangu ilifika (nilikuwa nimezipangia paa la nyumba ya mama). Niambie, nikubali yaishe nyumba ipate amani? Au nishikilie msimamo nionekane mwanamke asiye na shukrani?

Wa Ghorofa ya Juu, Lowell

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu na karatasi. Umeniletea mafundo matatu ukayafunga kwenye ncha moja ya leso: hesabu ya pesa, ndugu wa mume wako, na bibi wa chini. Kwa kuwa yamefungwa pamoja, ukivuta moja mengine yanakaza. Ukiuliza habari ya orodha, mume wako anasikia ndugu yake akitukanwa. Shemeji akitaja mita ya bibi, wewe unasikia udhalimu, na hesabu ya pampu inakupotea. Basi tuyafungue moja moja, na tuanze na pesa, maana hilo halina mavyaa.

Hizo 10,000 shemeji hakuzitoa hewani. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka jana 2025, hicho ndicho kilikuwa kikomo cha marejesho ya Mass Save kwa nyumba inayopashwa joto lote na pampu. Lakini kikomo ni kikomo. Mwaka huu wa 2026 kimeshushwa hadi 8,500, na hesabu yenyewe huenda kwa ukubwa wa mtambo: dola 2,650 kwa kila tani. Wewe una tani tatu. Zidisha, utapata 7,950.

Zile 2,000 za kodi zilikuwepo kweli pia. Sheria ya 2022 ilitoa nafuu ya asilimia 30 ya gharama, isiyozidi dola 2,000 kwa pampu ya joto. Ila sheria nyingine iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliifunga: mtambo unaowashwa baada ya Desemba 31, 2025 haupati kitu. Na hata enzi zake haikuwa pesa ya kupewa mkononi, ilipunguza tu kodi unayodaiwa. Mwenye kodi ndogo hakuipata yote.

Kwa hiyo 21,000 ukitoa 7,950 zinabaki 13,050. Wewe uliambiwa 9,000. Tofauti ni dola 4,050, na una 11,000 za chama. Naomba uitazame hiyo namba kwa utulivu kabla hujaipeleka mezani, kwa sababu ukiipeleka na hasira itageuka kuwa shtaka.

Tena hata hizo 7,950 zina masharti, na masharti yenyewe ndiyo yale shemeji anayoyaita hadithi. Marejesho ya nyumba nzima yanataka nyumba iwe imezibwa na kujazwa vya kutosha dhidi ya baridi, na aliyefunga awe fundi aliye kwenye mtandao wao. Wewe dari yako bado, kwa sababu ya waya. Na fundi wako hayumo. Ukifunga leo jinsi alivyopanga yeye, usihesabu 13,050. Hesabu 21,000, kisha ujiulize kama kwa bei hiyo bado ungeitaka.

Waya zile nazo usizidharau. Zilitengenezwa zipoe kwa hewa inayozizunguka. Ukizifunika na nyenzo za kuzuia baridi, joto lao halina pa kwenda, na nyumba yako ni ya mbao. Mkaguzi hakukusumbua. Mpigie tena umuulize mambo mawili: kama kuna msaada wa gharama ya kuondoa hizo waya, maana mpango huo una fungu la kuondoa vikwazo vya namna hiyo, na mpangaji aliyeko chini anabadilisha nini kwenye punguzo la kujaza dari na kuta. Kwa kawaida punguzo hilo ni asilimia 75 au zaidi.

Sasa kitu ambacho hukuniuliza, na nadhani ndicho kilichopaswa kuulizwa kwanza. Marejesho yanapunguza bei ya kununua mtambo. Bili ya kila mwezi hayaigusi. Pampu ya joto haitengenezi joto, inalivuta kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, kama friji iliyogeuzwa. Ndiyo maana kwa uniti moja ya umeme inaweza kukupa joto la uniti mbili na nusu hadi tatu. Galoni moja ya mafuta kwenye boila kuukuu lenye ufanisi wa asilimia 80 inakupa joto ambalo pampu italitoa kwa uniti kama 12, nikiweka wastani wa 2.7 kwa msimu mzima. Hukuniandikia bei ya umeme wako. Tazama bili, chukua jumla yote unayolipa, pamoja na usafirishaji, uigawe kwa uniti. Ikitoka senti 30, ambayo huko kwenu si ajabu, uniti 12 ni dola 3.60. Yaani sawasawa na galoni yako ya mafuta.

Nimeliandika hilo pole pole kwa sababu nyumba nyingi hugundua Januari, pampu ikiwa imeshapigwa skrubu ukutani. Aliyekuwa akitumia vile vipasha joto vya umeme vya kando ya ukuta huona nafuu kubwa. Aliyekuwa akitumia gesi mara nyingine huumia. Wa mafuta kama wewe yuko katikati, na kinachomvusha ni bei ya uniti. Kuanzia Novemba 2025 makampuni makubwa ya umeme ya jimbo lenu yana bei nafuu ya msimu wa baridi kwa nyumba zenye pampu za joto. Kila senti 5 zinazopungua kwenye uniti, ile galoni yako inashuka senti 60. Kwa matumizi ya galoni 450, tuseme nusu yenu ya juu, hizo ni dola 270 kwa msimu. Si haba, ila haitalipa 13,050 upesi. Utakachopata zaidi ni ubaridi wa Julai, na mimi niliyewahi kuishi Worcester ghorofa ya tatu chini ya bati jeusi siwezi kuudharau ubaridi huo. Tulikuwa tunalala sakafuni, kitambaa kibichi usoni.

Kuna njia isiyo na pampu kabisa, nayo haijatajwa na mtu yeyote katika barua yako. Uondoe waya, ujaze dari na kuta, uzibe mianya, boila ibaki ile ile. Galoni zitapungua kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya 21,000, na mlango wa pampu unabaki wazi kwa mwaka mwingine. Hatari yake ni mbili: boila kongwe huweza kufa usiku wa baridi kali ukalazimika kununua chochote kilichopo dukani, na viwango vya marejesho huweza kubadilika kila Januari, kwa sasa vikielekea chini. Pesa ya Mass Save haitoki kwa mfadhili. Inakatwa kwenye bili ya umeme na gesi ya kila mtu, yako na ya bibi wa chini pia. Bili zilipowakera watu, Februari 2025 mamlaka ya jimbo ilikata dola milioni 500 kwenye mpango wa miaka mitatu uliokuwa karibu bilioni 5. Mpango wenyewe unakwenda hadi mwisho wa 2027. Kwa hiyo kuna sababu ya kutozubaa, lakini mwisho wa Februari ni tarehe ya shemeji. Nani aliipanga, na kwa nini? Huenda ana mtambo wa kulipia. Huenda ana kodi ya gari. Biashara ya mwaka mmoja ina njaa zake.

Hapo tumefika kwa shemeji.

Hukuandika kwamba anakuibia, lakini barua nzima inanong'ona hivyo. Nikuulize: na kama hajui? Alifanya kazi miaka sita kama fundi. Fundi wa kampuni hubeba mashine, hutoboa ukuta, huunganisha mabomba ya gesi. Fomu zinajazwa ofisini na mtu mwingine. Zile namba alizokupa zilikuwa vikomo vya kweli alipoacha kazi. Mtu anaweza kuwa mwaminifu na akakosea kwa dola 4,050. Anaweza pia kuwa anajua na anaficha. Wewe huwezi kujua kwa kumtazama usoni, na bahati nzuri huhitaji kujua. Unahitaji karatasi inayojibu swali moja: marejesho yakikataliwa, nani anabeba?

Mafundi wengi huko hupunguza marejesho kwenye bei kisha hundi wakaipokea wao. Si dhambi. Lakini hapo mkataba husema wazi, bei ni kadhaa, punguzo ni kadhaa, mteja analipa kadhaa, na hundi isipokuja ni juu ya fundi. Karatasi ya shemeji, kwa ulivyoieleza, inampa hundi bila kumpa hatari. Huenda hata yeye hajaona hilo. Mwonyeshe kama mtu anayemsaidia kujenga kampuni, kwa sababu mteja wake wa pili hatakuwa shemeji yake, na atampeleka mahakamani.

Njia za kumweka ndani ziko kadhaa. Anaweza kuingia kwenye huo mtandao wa mafundi kwanza, nanyi mkamngojea hadi vuli, huku mkishughulikia waya na dari. Hapo atakuwa na cheti kitakachomlisha miaka, na nyumba yenu itakuwa kazi yake ya kwanza ya kuonyesha. Hatari ni kwamba atachelewa, au atasema ndiyo asifanye, nawe utakuwa umejifunga kwa ahadi. Anaweza kushirikiana na fundi aliyeko kwenye orodha, jina la mkataba liwe la yule, yeye afanye kazi na alipwe. Bei itapanda kidogo, na fahari yake itashuka kidogo. Mnaweza kumpa kazi kama ilivyo bila kutegemea marejesho hata senti, mkijua mmelipa shukrani kwa sura ya mtambo. Watu hufanya hivyo na si wajinga, mradi wamejua wanachofanya. Ila fundi umeme wa kuunganisha lazima awe na leseni na kibali cha mji kitolewe, hata kama fundi mkuu ni malaika. Nyumba ya mbao, watoto watatu, bibi na mjukuu chini. Au mnaweza kukataa. Hilo nalo ni neno halali kati ya ndugu.

Hata ukielekea kwake, chukua makadirio mawili mengine. Usiyachukue kwa siri, maana siri itageuka kuwa kesi. Na umwombe kila mmoja akuonyeshe hesabu ya joto ambalo ghorofa yako inahitaji, chumba kwa chumba. Tani tatu alizitoa wapi shemeji? Kama alisimama sebuleni akakadiria kwa jicho, na dari ikajazwa baadaye, huenda ukajikuta umenunua mtambo mkubwa kuliko nyumba.

Kuhusu mume wako, ninaogopa kidogo kusema, maana nimemsikia kwa mdomo wako tu. Lakini lile neno lake, "nitamtazama vipi," mimi sikulisikia kama la mtu anayekudharau. Nililisikia kama la mtu anayedaiwa miezi saba ya sebule na hajapata namna ya kulipa. Wewe pia unadaiwa. Ulilala pale ukiwa na mimba. Je, umewahi kumwambia mume wako kwamba nawe unalikumbuka? Kwa sababu sasa hivi yeye amebeba deni peke yake na wewe umebeba daftari peke yako, na kila mmoja anamwona mwenzake mzembe. Deni la sebule linaweza kulipwa kwa njia ambayo haitoboi ukuta: mchango wa gari la kazi, ada ya hayo mafunzo ya kuingia kwenye mtandao, jambo lenye jina lake. Likilipwa hivyo, huenda mkataba ukarudi kuwa mkataba.

Mwachie mume wako ndiye akae na mdogo wake juu ya ile hesabu, wawili, wewe ukiwa kazini. Si kwa sababu wewe huwezi. Ni kwa sababu 7,950 ikitoka kwako ni shemeji mbishi, na ikitoka kwa kaka ni kaka amepiga hesabu. Najua kuna wasomaji watakaonilaumu kwa hilo. Nawe ukiona ni kujishusha, liache.

Mavyaa mpigie wewe kabla hajakupigia tena. Usimweleze pampu. Muulize habari zake, kisha umwambie mnataka mambo ya ndugu yaandikwe ili yasije yakaharibu undugu. Yeye ndiye wa kizazi cha "mali bila daftari hupotea bila habari". Sidhani kama atabisha.

Nimemweka bibi wa chini mwisho na siyo kwa udogo wake. Umesema ndiye anayekuchoma zaidi, na hapo nakuamini.

Sheria ya Massachusetts iko wazi kuliko mzaha wa shemeji. Mwenye nyumba ndiye anayelipa joto la mpangaji isipokuwa kuna makubaliano ya maandishi yanayomtwika mpangaji. Na ni juu yako kuhakikisha mtambo unaweza kuweka nyuzi 68 za Fahrenheit mchana na 64 usiku, kuanzia Septemba 15 hadi Mei 31. Kwa hiyo "atajilipia mwenyewe" haitokei kwa kuunganisha waya kwenye mita yake. Inatokea kwa karatasi anayoisoma, kwa lugha anayoielewa, na kuikubali. Ukifanya vinginevyo umemtoza kodi ya pili bila kumwambia.

Lakini nikuchokoze kidogo na upande wa pili, kwa sababu aibu uliyoiona mlangoni inaweza kukufanya umwamulie yeye kabla hujamuuliza. Unadhani mpango wa mita ni dhuluma kwa vyovyote. Je, ukipunguza kodi yake kwa kiasi cha mafuta uliyokuwa ukimnunulia? Akiweza kuzima joto la chumba asichokitumia, na Julai akalala kwenye ubaridi? Huenda akapenda. Kisha kuna jambo la kipato. Familia yenye kipato kidogo, isiyozidi asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, ina mlango wake tofauti kupitia mashirika ya kijamii ya eneo: kuzibiwa na kujaziwa nyumba bila malipo, wakati mwingine hata mtambo wa joto wenyewe, na punguzo kwenye bili ya umeme. Kinachoangaliwa kwa ghorofa ya chini ni kipato cha anayeishi humo, siyo chako. Inawezekana huyu bibi ambaye mlikuwa mkimpangia kumtwisha mzigo ndiye atakayewafungulia mlango wa bei nafuu kuliko wote. Ila hati zote ni zake, na uamuzi ni wake. Akiona haya kuonyesha kipato chake kwa mwenye nyumba, ana haki. Na akisema hataki mashine ukutani, anataka boila yake inayonguruma kama alivyoizoea, hilo nalo ni jibu, na tangi litabaki, na lori litaendelea kurudi nyuma uani.

Mjukuu wake ana umri gani? Hukusema. Kama ni mkubwa wa kutafsiri, shuka naye jioni moja ukiwa huna shifti, na bili zako mbili mkononi, ya mafuta na ya umeme. Bila shemeji, bila karatasi ya kutia saini. Muulize tu baridi inamwingilia wapi. Watu wa ghorofa ya chini huwa wanajua vitu kuhusu nyumba ambavyo mwenye nyumba hajui.

Neno la mwisho ni hilo la paa la mama yako, ulilolitia kwenye mabano kama mtu aliyekanyaga nyoka akaendelea kutembea. Nimeliona. Dola 11,000 zilikuwa na kazi kabla chai ya shemeji haijamiminwa, na katika ugomvi wote huu hakuna aliyekuuliza kama kazi hiyo imefutwa. Mume wako anajua kwamba zilikuwa za paa?

Niandikie ukishaongea naye.